Kabla ya Bando, Saa na Watu: Mwongozo kwa Mwanafunzi Mpya wa Mtandaoni katika Chuo Kikuu cha Kikristo

Barua ya udahili ikishafika, mazungumzo ya nyumbani huanzia kwenye vifaa: kompyuta mpakato ya bei gani, laini ya kampuni ipi inashika vizuri mtaani kwetu, bando la wiki au la mwezi. Ni maswali ya haki, na mwongozo huu utayafikia. Hayastahili kutangulia, hata hivyo. Anayesoma kwa mtandao huweza kuwa na kifaa kizuri na bado akaishia njiani kwa kukosa vitu viwili ambavyo haviuzwi dukani: saa za kusomea na watu wa kusoma nao. Ukivipata hivi kabla muhula haujaanza, upungufu wa kifaa unavumilika. Usipovipata, kompyuta ya bei kubwa itakusaidia kutazama tu jinsi kazi zinavyolundikana. Kwa anayejiunga na chuo kikuu cha Kikristo jambo hili lina uzito wa ziada, maana chuo cha namna hiyo humwahidi mwanafunzi malezi pamoja na shahada, na malezi yanahitaji watu.

Kazi iliyokuwa ikifanywa na bweni

Ili kujua unachopaswa kuandaa, tazama kwanza unachokikosa. Vyuo vikuu vya Kikristo vya Afrika Mashariki vingi vilizaliwa kama mahali pa kuishi pamoja. Chuo Kikuu cha St. Paul's kilianza mwaka 1903 kama shule ya watumishi wa kanisa huko Frere Town, Mombasa, kikahamia Limuru mwaka 1930. Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda, kule Mukono, kimekua kutoka Chuo cha Theolojia cha Bishop Tucker kilichoanza mwaka 1913. Makumira, karibu na Arusha, ilikuwa chuo cha theolojia cha Walutheri tangu mwaka 1954 kabla haijawa chuo kikuu. Katika mahali kama hapo ratiba ilikuwa mali ya chuo. Kengele iliamsha, ibada ya asubuhi ilikusanya, bwalo lilikutanisha mwanafunzi na mwalimu wake, na mwenzako wa chumba alikukumbusha zoezi la kesho bila kutumwa na mtu. Mwanafunzi alidhani ana nidhamu, kumbe sehemu kubwa ya nidhamu hiyo ilibebwa na mahali.

Masomo ya mtandaoni yanaondoa mahali hapo, lakini kazi iliyokuwa ikifanyika pale haiondoki. Inahamia kwako. Wewe ndiwe sasa kengele, bwalo na msimamizi wa bweni. Wengi hawaoni uhamisho huu kwa sababu tangazo la udahili limewaambia watasoma popote na wakati wowote. Maneno hayo ni ya kweli kuhusu jukwaa la masomo, ambalo liko wazi usiku na mchana. Kuhusu binadamu mwenye ajira, watoto na zamu ya kufagia kanisa, wakati wowote kwa kawaida hugeuka kuwa baadaye.

Ushahidi uko wazi. Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha uchambuzi wa kozi za wazi za mtandaoni zilizotolewa na Harvard na MIT kuanzia mwaka 2012 hadi 2018. Vyuo hivi havikupungukiwa na wahadhiri wala mitambo. Hata hivyo, zaidi ya nusu ya waliojiandikisha hawakuwahi kuingia darasani hata mara moja, na mwaka 2017–18 waliomaliza walikuwa asilimia 3.13 tu ya washiriki. Mtu atapinga, na kwa haki, kwamba kozi zile zilikuwa za bure, na kitu cha bure hakina uchungu. Anayelipa ada ya chuo hawezi kulegea hivyo. Ni kweli kwamba fedha hubadili tabia: miongoni mwa waliolipia cheti, waliomaliza mwaka ule walifika asilimia 46. Lakini maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya waliotoa fedha zao mfukoni hawakufika mwisho. Uchungu wa ada unasaidia, ila hautoshi.

Utafiti mwingine ulihusu wanafunzi wa kawaida wa vyuo, wanaolipa na kutafuta shahada. Di Xu na Shanna Jaggars walifuatilia wanafunzi zaidi ya 40,000 katika vyuo vya jimbo la Washington, Marekani, na kulinganisha matokeo ya kozi za darasani na za mtandaoni. Kwa jumla wanafunzi walifanya vibaya zaidi mtandaoni, na pengo lilikuwa kubwa zaidi kwa vijana, kwa wanaume, na kwa walioingia na alama dhaifu. Soma matokeo hayo kama onyo linalokuhusu. Ikiwa umetoka kidato cha sita juzi, au ulifaulu kwa kusukumwa na walimu wakali, wewe ndiwe unayehitaji maandalizi haya kuliko mama wa miaka arobaini aliyezoea kupanga siku yake.

Hesabu saa kabla ya kuhesabu fedha

Chukua karatasi. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, huhesabu krediti 1 kuwa saa 10 za kujifunza, ndani yake mihadhara, kujisomea, mazoezi na mitihani. Mwaka wa masomo wa shahada ya kwanza ni krediti 120, yaani saa 1,200. Muhula mmoja ni nusu yake, saa 600. Zigawe kwa wiki 17 za muhula pamoja na mitihani, unapata saa 35 kwa wiki. Kenya na Uganda huhesabu kwa namna zao, lakini ukubwa wa mzigo haupishani sana: kusoma kozi zote za muhula ni ajira ya pili.

Sasa hesabu wiki yako. Ina saa 168. Sheria ya kazi ya Tanzania inaruhusu saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki, ondoa hizo. Ondoa 49 za kulala, ukilala saa saba. Daladala kwenda na kurudi, saa mbili kwa siku sita, ni 12. Kupika, kuoga, kula na kuwasimamia watoto, kwa uchache saa nne kwa siku, ni 28. Ibada ya Jumapili, jumuiya na mazoezi ya kwaya, weka saa nane. Msiba, harusi na mgonjwa wa kutembelewa, weka sita, maana haipiti wiki bila kimojawapo. Zilizobaki ni 20. Saa 20 hazibebi mzigo wa 35, hata ukinywa kahawa ndoo nzima. Zinabeba nusu ya mzigo, ambayo ni kama saa 18, na kukuachia mbili za dharura.

Hitimisho la hesabu hii ni gumu kumeza: mfanyakazi wa kutwa anayejiandikisha kozi zote za muhula wa kwanza anasaini mkataba ambao wiki yake haiwezi kuutimiza. Muulize msajili kabla ya kulipa kama chuo kinaruhusu kuchukua nusu ya kozi, na kama ada hulipwa kwa kozi au kwa muhula. Utaambiwa na ndugu kwamba hivyo utamaliza kwa miaka sita badala ya mitatu. Hoja hiyo ina nguvu kwa anayesubiri cheti ili apandishwe daraja. Lakini ilinganishe na njia nyingine iliyopo, ambayo mara nyingi si kumaliza kwa miaka mitatu bali kufeli kozi nne katika saba, kulipia marudio, kisha kukata tamaa katika mwaka wa pili. Mshika mawili, moja humponyoka. Anza na nusu. Muhula wa pili utaongeza ukiwa umejua kasi yako.

Ongeza pia muda wa lugha. Katika vyuo vyetu vingi vitabu na mitihani ni kwa Kiingereza, na ukurasa wa kitaaluma wa Kiingereza haumalizwi kwa dakika zile zile unazomalizia gazeti. Pima mwenyewe: soma kurasa kumi za kitabu cha kozi, tazama saa, kisha zidisha. Hiyo ndiyo kasi utakayopangia ratiba, wala usione haya nayo.

Saa zikishapatikana, zipe mahali. Si kusema nitasoma jioni. Sema Jumanne na Alhamisi saa 2 hadi saa 4 usiku, Jumamosi saa 1 asubuhi hadi saa 6 mchana, na alfajiri sita za saa 11 hadi saa 12 na nusu. Saa zisizo na jina la siku huliwa na mgeni wa kwanza atakayebisha hodi.

Keti na wenye saa hizo

Saa ulizozitenga hazikuwa zako peke yako. Mume au mke, watoto, mama mkwe, mwajiri na mzee wa kanisa walikuwa nazo kabla yako, na mwenye kunyang'anywa bila kuambiwa atazirudisha kwa njia yake. Kwa hiyo kikao cha nyumbani ni sehemu ya usajili sawa na fomu ya chuo. Kifanyeni kalenda ya muhula ikiwa mezani, mtaje siku kwa siku. Nani atapika Jumanne na Alhamisi? Nani atawalaza watoto? Runinga itakuwa na sauti ya kiasi gani saa za somo? Katika nyumba nyingi mzigo wa jiko na watoto uko kwa mama, na mwanamke anayesoma bila mgawanyo mpya wa kazi atasoma saa sita usiku, akiwa amechoka, kisha alaumiwe kwa alama zake. Mume Mkristo anayeombea masomo ya mkewe na asiguse sufuria ameomba nusu tu.

Kwa mwajiri, usiende kuomba ruhusa isiyo na umbo. Nenda na tarehe za majaribio na mitihani, useme siku tano utakazohitaji katika muhula mzima, na namna utakavyozifidia. Meneja anayekataa ombi la jumla huweza kukubali siku tano zilizoandikwa.

Kanisani ndipo wengi hushindwa kusema. Mtu anaimba kwaya, ni katibu wa vijana, anafundisha watoto wa Sunday school na yuko kwenye kamati ya ujenzi. Anapoanza chuo hapunguzi hata kimoja, kwa kuogopa kuonekana amepoa kiroho, na hujipa moyo kwamba Bwana atafanya njia. Imani hiyo isidharauliwe. Ila mtu huyo huyo hangeacha kwenda kazini kwa kisingizio hicho, kwa sababu anajua kazi inataka mwili wake uwepo. Masomo nayo yanataka hivyo. Mwendee mchungaji au kiongozi wa kwaya mwanzoni, umweleze kwamba kwa muhula huu utabaki na huduma moja. Kuaga kwa heshima kunalinda uhusiano. Kutoweka mazoezini wiki ya tatu kunauvunja. Tena kanisa lililoarifiwa huweza kukupa kitu unachokihitaji sana: chumba tulivu chenye umeme siku za katikati ya wiki.

Tafuta watu watatu kabla ya wiki ya kwanza

Wapo wanaosema elimu ya Kikristo haiwezi kutolewa kwa mbali kabisa, kwa kuwa tabia hulelewa kwa kuishi pamoja, na skrini haimwoni mtu akikosea wala haimshiki mkono. Pingamizi hili ni zito kuliko lile la bando, na haliondoki kwa kusema kwamba dunia imebadilika. Linajibiwa na historia ya kanisa lenyewe. Sehemu kubwa ya Agano Jipya ni mafundisho ya mbali: Paulo alifundisha kwa barua sharika ambazo hakuweza kuzifikia. Lakini tazama barua zile zilivyotumika. Zilisomwa kwa sauti kusanyiko likiwapo, na ile ya Wakolosai inaagiza ipelekwe ikasomwe Laodikia pia. Mwalimu alikuwa mbali. Wanafunzi walikuwa pamoja.

Karibu na zama zetu, mwaka 1963, seminari ya Kipresbiteri nchini Guatemala ilikabiliwa na tatizo tunalolijua: viongozi halisi wa makanisa ya vijijini walikuwa wakulima na wafanyakazi wenye familia, wasioweza kuacha yote wakakae bwenini. Ralph Winter, James Emery na Ross Kinsler walishiriki kuigeuza seminari iwafuate wao. Kila mwanafunzi alijisomea nyumbani kwa vitabu vya mazoezi, akaendelea na kazi na huduma yake, kisha wanafunzi wa eneo moja wakakutana na mwalimu mara kwa mara, kwa kawaida kila wiki, kujadili walichosoma. Mtindo huo ulienea Amerika ya Kusini, Asia na Afrika, nasi tumeupata kwa jina la elimu ya theolojia kwa enezi. Uliwezekana bila intaneti kwa sababu kukutana kulikuwa nguzo yake. Hata Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 kufundisha kwa mbali, kilijenga vituo mikoani, maana mwanafunzi wa mbali naye huhitaji mahali pa kumkuta mtu.

Kwa hiyo wewe pia tengeneza kusanyiko lako. Unahitaji watu watatu wa aina tatu. Wa kwanza ni mwanafunzi mwenzako wa kozi ile ile, ikiwezekana wa mji wako. Mwombe mratibu wa programu akuunganishe na walioko mkoa wako, kisha mkubaliane kukutana kila wiki, ana kwa ana au kwa simu, saa moja isiyohamishika. Kundi la WhatsApp la watu 150 halichukui nafasi hii. Humo zinapita salamu, matangazo na uvumi kuhusu mitihani. Wa pili ni mtu aliyekwisha kusoma, hata kama fani ni nyingine, atakayekusomea aya zako na kukuambia hapa sijaelewa. Wa tatu ni wa kukuuliza habari zako: mchungaji, mzee wa kanisa, shangazi, yeyote ambaye ukisema naendelea vizuri atakutazama usoni.

Mkikutana na mwenzako, msisomeane maandishi. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kwamba wanafunzi waliojipima kwa kukumbuka walichosoma walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko waliorudia kusoma, ingawa waliorudia ndio waliojiamini zaidi. Fungeni vitabu, mmoja aulize, mwingine aeleze. Elezeni kwa Kiswahili mpaka jambo likae sawa, halafu kila mmoja aliandike kwa Kiingereza cha mtihani. Anayeweza kumfafanulia mwenzake tofauti ya sheria na neema bila kutazama daftari hatatishwa na swali lake.

Sasa vifaa

Atakayesema kwamba haya yote ni porojo kwa mtu asiye na umeme wala mtandao ana haki ya kujibiwa kwa namba. Mkutano wa video unaotumia megabiti 1 kwa sekunde hula takriban megabaiti 450 kwa saa. Sauti peke yake, yenye kilobiti 80 kwa sekunde, hula kama megabaiti 36. Tofauti ni zaidi ya mara kumi. Kozi tatu zenye kipindi cha saa mbili kwa wiki zitamaliza karibu gigabaiti 2.7 kwa video, na kama megabaiti 220 kwa sauti. Kwa hiyo fungua video unapozungumza au mhadhiri anapoonyesha slaidi zisizopatikana kwingine. Muda mwingine sikiliza. Mwombe mhadhiri slaidi mapema, na kipindi kilichorekodiwa kikiwepo, kipakue usiku kama mtandao wako una bando la usiku la bei nafuu.

Chuo kikitumia Moodle, jukwaa lililotolewa mara ya kwanza mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia, weka programu yake kwenye simu. Inaruhusu kupakua maandishi ya kozi ukiwa kanisani au ofisini penye mtandao, ukayasoma nyumbani bila bando. Simu inatosha kwa kusoma, kusikiliza na kuchangia mjadala. Kwa kuandika insha ya kurasa nane haitoshi. Kama huna kompyuta, panga mapema utaandikia ya nani na siku gani. Nunua flashi, hifadhi nakala ya kila kazi mahali pawili, na chaji simu na pawabenki kabla ya siku ya mtihani. Siku hiyo mita ya umeme ya LUKU isiwe na uniti mbili tu. Na kama mtaa wako hukatika umeme kila wiki, mwandikie mratibu mwanzoni mwa muhula umuulize utaratibu wa dharura. Aliyeuliza mwezi wa kwanza huaminika zaidi kuliko anayeeleza baada ya kuchelewa.

Zoea mlango kabla ya karamu

Ingia kwenye jukwaa wiki moja kabla ya masomo. Badilisha neno la siri, fungua kila kozi, soma mwongozo wake wote, nakili tarehe zote kwenye kalenda ya ukutani ambayo nyumba nzima inaiona. Kisha angalia mitego miwili iliyowaponza wengi.

Mtego wa kwanza ni saa. Jukwaa huhesabu kwa saa za Kizungu na huanza siku mpya usiku wa manane. Kazi inayofungwa 23:59 inafungwa saa 5 na dakika 59 usiku. Kazi iliyoandikwa Jumatatu 00:00 inafungwa saa 6 ya usiku wa kuamkia Jumatatu, yaani Jumapili ikiisha. Anayengoja Jumatatu jioni amechelewa siku nzima. Ukiwa Bujumbura, Kigali au Lubumbashi na chuo chako kiko Nairobi, uko nyuma kwa saa moja. Ukiwa Muscat, uko mbele kwa saa moja. Weka saa za eneo lako kwenye wasifu wako ili jukwaa likuonyeshe muda wa hapo ulipo, halafu jiwekee mwisho wako mwenyewe siku moja kabla.

Mtego wa pili ni rasimu. Katika baadhi ya kozi za Moodle, kupakia faili si kuikabidhi. Faili hukaa kama rasimu mpaka ubonyeze kitufe cha pili cha kuwasilisha na kukubali tamko kwamba kazi ni yako. Mwanafunzi huona jina la faili yake kwenye ukurasa, akafunga simu na kulala, na asubuhi hakuna kazi iliyopokelewa. Kila ukimaliza, rudi usome hali ya kazi, kisha piga picha ya skrini. Picha hiyo ndiyo shahidi wako siku ya mabishano.

Uaminifu pasipo msimamizi

Chuo kikuu cha Kikristo kitakutaka usaini kanuni za mwenendo. Zisome kabla ya kulipa, hasa kama wewe ni Mwislamu au wa dhehebu jingine: vyuo vingi hivi hupokea watu wa imani zote, lakini vinaweza kuwa na kozi za lazima za Biblia na maadili, na ibada ambayo mahudhurio yake huhesabiwa. Ni afadhali ujue sasa kuliko kulalamika mwaka wa pili.

Ndani ya kanuni hizo kuna wizi wa kitaaluma, na siku hizi akili mnemba. Wengine watauliza: kama chombo kipo na kinaandika vizuri, dhambi iko wapi? Jibu la kwanza liko kwa chuo: mhadhiri mmoja huruhusu kitumike kupanga mawazo, mwingine hukataza kabisa, na wewe unapaswa kuuliza kwa kila kozi. Jibu la pili ni la manufaa. Vyombo hivi hubuni marejeo: hutaja kitabu ambacho hakipo, au hunukuu aya ya Biblia yenye maneno ambayo hayamo. Katika insha ya theolojia kosa hilo linaonekana upesi, maana mhadhiri anaijua aya. Kila rejea ifungue kwa macho yako. Jibu la tatu linahusu kusudi la kusoma. Mwalimu, muuguzi au mchungaji aliyeandikiwa insha zake zote atasimama siku moja mbele ya watu bila kile ambacho cheti kinasema anacho.

Tena uaminifu una uhusiano na ile hesabu ya saa. Mwenye siku sita za kuandika ana sababu chache za kuiba. Mwenye saa mbili na mtoto mgonjwa anajaribiwa vikali. Anayetaka kubaki mwaminifu aanze kazi siku inapotolewa, hata kama ni kwa kuandika kichwa na maswali matatu. Mapambano ya maadili mara nyingi hushindwa Jumatatu, ingawa anguko huonekana Jumapili usiku.

Na usiache malezi uliyoyalipia. Hudhuria ibada ya mtandaoni angalau mara moja kwa wiki, mjue kasisi wa chuo kwa jina, na mwandikie kabla hujawa na shida. Vyuo vingi vina mtu wa ushauri nasaha. Tofauti ya mwanafunzi wa bwenini na wewe ni kwamba yeye hukutana naye njiani bila kukusudia, wewe lazima ukusudie.

Kama hesabu inakataa

Huenda umefika hapa, ukahesabu, na saa hazikutosha hata kwa nusu ya kozi. Labda una mtoto mchanga, au mwajiri amekataa, au mgonjwa nyumbani anakutegemea. Katika hali hiyo ushauri wa busara ni kumwandikia msajili kuomba kuahirisha kabla ya kulipa ada, ukiambatanisha barua ya udahili na kutaja muhula unaokusudia kuanza. Taratibu za kuahirisha zipo, na hazihesabiwi kuwa kushindwa. Kuacha kimya kimya katikati ya muhula ndiko kunakobaki kwenye kumbukumbu zako kama kozi ulizofeli. Tumia miezi hiyo kusoma kitabu kimoja cha kozi pole pole, kujiwekea akiba ya ada, na kuzoesha nyumba kwamba Jumanne na Alhamisi usiku una shughuli. Lakini kama saa zimetosha na watu watatu wamekubali, jiandikishe, hata kama kompyuta ni ya kuazima.